Maisha ya Hayati Branch Rickey, Kocha wa Chuo Kidogo

Ndugu Mhariri aliponiandikia akiniomba nilete makala juu ya maisha ya mtu mashuhuri, nilijua kwamba wengi wenu mngetazamia kusoma habari za mwanasiasa, au za mmoja wa watawala wa zamani wa Buha. Mimi nimemchagua mwalimu wa michezo. Tena si mwalimu wa kandanda tuliyoizoea, bali wa mchezo ambao hakuna hata mmoja wetu aliyepata kuucheza tulipokuwa hapa shuleni, nao huitwa besiboli. Sababu ya kumchagua nitaieleza kabla sijaweka kalamu chini, na wale waliokuwamo katika timu ya shule mwaka 1997 huenda wakaitambua mapema kuliko wengine.

Kwa faida ya wasioujua mchezo wenyewe, besiboli huchezwa na timu mbili za watu tisa tisa. Mrushaji wa timu moja huurusha mpira mdogo mgumu, na mpigaji wa timu ya pili hujaribu kuupiga kwa gongo la mti. Akiupiga vyema hukimbia kuvizunguka vituo vinne, na akirudi salama pale alipoanzia timu yake hupata pointi moja. Nyuma ya mpigaji huchuchumaa mchezaji aitwaye mdakaji, ambaye kazi yake inafanana kidogo na ya golikipa: huona uwanja mzima, huwaelekeza wenzake, na akikosea kila mtu humwona. Siku hizi mchezo huu si mgeni kabisa nchini, maana katika miaka ya 2010 baadhi ya shule za sekondari za Dar es Salaam zilianza kufundishwa besiboli na Wajapani.

Wesley Branch Rickey alizaliwa tarehe 20 Desemba 1881 katika jimbo la Ohio nchini Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima wa hali ya chini na waumini thabiti wa kanisa la Methodisti. Shule za kwao zilikuwa haba, na elimu yake ya mwanzo aliipata kwa kuungaunga. Mengi alijifundisha mwenyewe usiku kwa vitabu vya kuazima, hata Kilatini. Akiwa bado kijana mdogo alifundisha shule ya kijijini, akaweka akiba ya mshahara wake, na kwa akiba hiyo akaingia chuo cha Ohio Wesleyan katika mji mdogo uitwao Delaware. Alipoondoka nyumbani alimwahidi mama yake kwamba hatacheza mpira siku ya Jumapili. Ahadi hiyo aliitunza katika maisha yake yote ya uchezaji, ijapokuwa ilimgharimu: mwaka 1904 timu ya Cincinnati ilimwachisha kwa sababu hiyo hiyo.

Chuoni alicheza besiboli na mpira wa miguu wa Kimarekani. Lakini karo ilimshinda, na likizo akawa anachezea timu za kulipwa ili apate fedha. Kwa sheria za vyuo, aliyekwisha kupokea malipo hakuruhusiwa tena kukichezea chuo chake. Hivyo akafungiwa mlango wa uwanjani, na badala yake mwaka 1903, akiwa na umri wa miaka 21, akapewa kazi ya kuifundisha timu ya besiboli. Chuo kidogo cha namna ile hakikuwa na jopo la makocha kama tunavyoona leo, yaani kocha mkuu, msaidizi wake, wa viungo na wa makipa. Kocha alikuwa Rickey peke yake, ambaye kwa umri alikuwa rika moja na wachezaji. Ndiye aliyepanga timu na kusimamia mazoezi, na timu iliposafiri, yeye ndiye aliyetafuta pa kulala.

Katika timu hiyo alikuwamo kijana mmoja mweusi, Charles Thomas, ambaye alikuwa mdakaji hodari. Siku moja walisafiri kwenda mji wa South Bend, jimbo la Indiana, kucheza na Chuo Kikuu cha Notre Dame. Walipofika hotelini, karani wa mapokezi aliwaandikisha wote, lakini alipomwona Thomas alikataa, akasema kwamba hoteli yao haipokei watu weusi. Thomas akaomba arudishwe nyumbani ili asiwe mzigo kwa wenzake. Rickey hakukubali. Alibishana na karani, na mwisho akapendekeza kwamba kijana asiandikishwe kama mgeni, bali awekewe kitanda kidogo katika chumba chake yeye kocha. Wenye hoteli wakakubali shingo upande.

Rickey alipoingia chumbani usiku ule alimkuta Thomas ameketi ukingoni mwa kitanda, analia, huku anaisugua mikono yake kwa nguvu kana kwamba rangi ya ngozi ni uchafu unaoweza kutoka. Kisa hiki Rickey alikisimulia mara nyingi uzeeni, na wapo waliodhani kwamba alikitia chumvi kidogo. Lakini Thomas mwenyewe, ambaye alikuja kuwa daktari wa meno mjini Albuquerque, alithibitisha kwamba mambo hayo yalitokea, na wawili hao walibaki marafiki.

Katika miaka iliyofuata Rickey alihangaika sana. Alicheza ligi kuu kama mdakaji tangu mwaka 1905 hadi 1907, wala hakung'ara. Siku moja mwaka 1907, akiichezea New York huku bega lake linamuuma, wapinzani walimwibia vituo 13 katika mchezo mmoja, na aibu hiyo ikaandikwa katika vitabu vya kumbukumbu. Mwaka 1909 aliugua kifua kikuu, akalazwa katika sanatoria huko Saranac Lake, wakati ambapo dawa ya ugonjwa huo haikuwa imepatikana na tiba ilikuwa kupumzika, hewa safi na kumwomba Mungu. Alipopona alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Michigan, na huku akisoma akawa kocha wa besiboli wa chuo hicho. Uwakili ulimshinda kwa kukosa wateja. Ukocha haukumshinda. Mmoja wa vijana aliowafundisha Michigan, George Sisler, alikuja kuhesabiwa miongoni mwa wapigaji bora kabisa waliopata kutokea.

Mwaka 1913 akaingia katika uongozi wa vilabu vya ligi kuu mjini St. Louis, kwanza klabu ya Browns, kisha Cardinals. Huko alionyesha kwamba kiongozi wa michezo anaweza kuwa mwalimu hasa. Alitumia ubao na chaki kama tulivyofundishwa hesabu. Alichimba mashimo ya mchanga ili wachezaji wajifunze kuteleza kituoni bila kuumia, na alifunga kamba mbele ya mdakaji ili mrushaji aone mahali mpira unapotakiwa kupita. Zaidi ya hayo, kwa kuwa Cardinals haikuwa na fedha za kununua wachezaji maarufu, alibuni mpango wa kuwalea mwenyewe. Klabu ilijipatia vilabu vidogo vidogo mikoani, vijana wakaingizwa huko mapema na kupandishwa daraja kadiri walivyokomaa. Sisi wa Kibondo na Kasulu tuliokulia kwenye mibuni tunaweza kuulinganisha mpango huo na kitalu cha miche ya kahawa. Mnamo mwaka 1940 vilabu vya namna hiyo chini ya Cardinals vilizidi 30. Matunda yake yalikuwa ubingwa wa taifa katika miaka ya 1926, 1931, 1934 na 1942.

Sasa, ndugu zangu, hapa yafaa tuseme ukweli wote. Mtu mashuhuri hujengewa sanamu, na sanamu haina makosa, lakini Rickey alikuwa nayo. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 vilabu vikubwa vya Marekani vilikuwa na mapatano, ambayo hayakuandikwa popote, ya kutomchukua mchezaji mweusi. Rickey aliishi ndani ya mapatano hayo zaidi ya miaka 25 akiwa St. Louis. Katika uwanja uliotumiwa na klabu yake, watazamaji weusi walitengewa jukwaa moja tu, na utaratibu huo haukuondolewa mpaka mwaka 1944, wakati yeye alikuwa amekwisha kuhama. Kijana aliyemlaza Thomas chumbani mwake alikuwa sasa mtu mzima mwenye cheo, mshahara mnono na familia ya watoto sita, naye alinyamaza. Aidha, alijulikana kwa ubahili. Wachezaji wake wengi walilalamikia ujira mdogo.

Mwaka 1942 alihamia Brooklyn, katika jiji la New York, kuiongoza klabu ya Dodgers. Huko mambo kadhaa yalikutana. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imewapeleka askari weusi kupigania uhuru wa watu wengine, na waandishi wa magazeti ya watu weusi, kama vile Wendell Smith, walikuwa wamepiga kelele kwa miaka mingi kudai milango ya ligi ifunguliwe. Kamishna wa mchezo ambaye chini yake milango hiyo ilibaki imefungwa alifariki mwaka 1944, na mwaka 1945 jimbo la New York lilipitisha sheria ya kukataza ubaguzi katika ajira. Rickey aliona pia kwamba kulikuwa na wachezaji hodari wasiotumiwa na watazamaji wapya ambao wangeleta fedha mlangoni. Yeye mwenyewe hakuficha kwamba alitaka kushinda. Lakini alisema pia kwamba tangu usiku ule wa South Bend hakupata kumsahau Thomas.

Aliwatuma watu wake kwa siri kutafuta mchezaji anayefaa. Tarehe 28 Agosti 1945 akaletewa ofisini Jackie Robinson, kijana wa miaka 26, aliyezaliwa Georgia na kusoma chuo kikuu huko California. Akiwa ofisa wa jeshi, Robinson alikuwa ameshtakiwa katika mahakama ya kijeshi mwaka 1944 baada ya kukataa kuhamia viti vya nyuma vya basi, akaachiwa huru. Mazungumzo yao yalichukua kama saa tatu. Rickey aliigiza mbele yake karani wa hoteli anayemfukuza, mchezaji mpinzani anayemtukana, mtazamaji anayemzomea, akamwuliza kama anao ujasiri wa kutorudisha ngumi. Robinson, ambaye kwa tabia hakuwa mtu wa kumeza tusi, aliahidi kuvumilia.

Mwaka 1946 Robinson alichezea klabu ya Montreal nchini Kanada, na tarehe 15 Aprili 1947 akaingia uwanjani na Dodgers, mchezaji wa kwanza mweusi wa ligi kuu katika karne ya 20. Baadhi ya wachezaji wenzake walikuwa wamejaribu kupitisha waraka wa kumkataa. Uongozi ukawaambia kwamba asiyetaka atahamishwa. Matusi yalimwagika kutoka majukwaani na kutoka mabenchi ya wapinzani. Robinson alicheza tu. Mwisho wa msimu ule alichaguliwa mchezaji bora miongoni mwa wapya. Kabla mwaka haujaisha klabu nyingine nazo zilikuwa zimeanza kuwachukua wachezaji weusi.

Hata katika tendo hili jema lipo doa. Rickey alimchukua Robinson kutoka klabu ya Kansas City Monarchs, mojawapo ya klabu za ligi ya watu weusi, bila kuilipa klabu hiyo hata senti moja, na ligi hizo, ambazo zilijengwa kwa jasho la watu wanyonge, baadaye zilikufa. Tena sifa kubwa zaidi ni ya yule aliyetukanwa, maana Rickey alikaa ofisini na Robinson ndiye aliyesimama uwanjani. Mimi naamini mzee mwenyewe angekubali.

Rickey aliondoka Brooklyn mwaka 1950, akaenda kuiongoza Pittsburgh. Timu yake huko ilishindwa mno, lakini mwaka 1954 ilimpata kijana kutoka Puerto Rico, Roberto Clemente, ambaye baadaye alikuwa nyota wa klabu hiyo. Tarehe 13 Novemba 1965, akiwa mgonjwa na karibu kutimiza miaka 84, alitoka hospitalini kwenda Columbia, Missouri, kupokea heshima ya wanamichezo wa jimbo hilo. Aliposimama kuhutubia juu ya ujasiri alianguka na kupoteza fahamu, wala hakuzinduka. Alifariki tarehe 9 Desemba 1965, na mwaka 1967 jina lake likaingizwa katika jumba la mashujaa wa besiboli.

Lipo jambo moja linalotuunganisha sisi Waafrika Mashariki na habari hizi. Mwaka 1959, Ndugu Tom Mboya wa Kenya alipokuwa anatafuta nauli za kuwapeleka vijana kusoma Marekani, mmoja wa watu waliotia sahihi barua za kuomba michango alikuwa Jackie Robinson, pamoja na Harry Belafonte na Sidney Poitier. Mwezi Septemba mwaka huo ndege ya kwanza iliwachukua wanafunzi 81. Wengi wa vijana wale walikwenda kusoma katika vyuo vidogo vya mikoani, kama kile alichofundisha Rickey.

Sasa nieleze sababu niliyoahidi. Mwaka 1997 nilikuwa kapteni wa timu yetu ya kandanda. Tulikuwa tunasafiri kwenda mashindano ya shule za sekondari, ikawa masika, gari likanasa matopeni mchana kutwa, tukaingia mji mmoja saa tano za usiku. Mwalimu wa michezo akatutafutia nyumba ya kulala wageni. Karani alituandika majina kitabuni mmoja mmoja, akafika kwa golikipa wetu, akasita. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Tangu mauaji ya mwaka 1993 kule Burundi na vita vilivyofuata, kambi za wakimbizi zilikuwa zimejaa katika wilaya zetu. Mwenzetu huyo alikuwa Mha wa kijiji cha mpakani, na Kiha na Kirundi ni lugha ndugu. Karani aliposikia matamshi yake alisema kwamba huyo ni mkimbizi, hawezi kulala humo bila kibali cha kambi. Mwalimu alieleza, akaapa, akaonyesha barua ya shule. Hakusikilizwa.

Mwalimu hakugombana zaidi. Alilipia vitanda vyetu, akamchukua golikipa, wakaenda kulala ndani ya gari. Sisi tulilala vitandani. Mimi nilikuwa kapteni, nami ningeweza kuwafuata, au hata kusema neno moja pale mapokezini. Sikusema. Niliogopa kwamba nikisema, mimi ninayetoka tarafa hiyo hiyo, nitaulizwa na mimi. Asubuhi golikipa alikataa chai, akadaka mchezo wote, tukatoka sare. Habari ile haikuzungumzwa tena.

Miaka michache baadaye, nikiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilisoma maktabani maisha ya Rickey, nikakuta habari za South Bend. Nilifunga kitabu nikatoka nje. Nilimtambua karani, nikamtambua mwalimu wetu, nikajitambua na mimi mwenyewe miongoni mwa wachezaji waliokuwa wamekwisha panda vyumbani kulala.

Ninachojifunza kwa maisha ya mzee huyu si kwamba alikuwa mwema siku zote. Ninajifunza kwamba deni la ujanani haliozi. Alilikalia miaka zaidi ya 40, akachelewa, lakini alipokuwa na uwezo alilipa sehemu yake. Mwalimu wetu alilipa palepale, kwa mshahara mdogo wa mwalimu na usiku mmoja wa mbu. Sisi wengine tulibaki tunadaiwa. Leo mimi ni mtumishi wa serikali, na katika kazi yangu hupita maombi ya watu wanaotakiwa kuthibitisha kwamba wao ni raia. Nikikuta faili la kijana wa mpakani limewekwa kando kwa sababu ya jina au matamshi yake tu, hulichukua nikalirudisha juu ya meza, likashughulikiwa kwa sheria kama mafaili mengine. Ni jambo dogo, najua.

Golikipa wetu simtaji jina hapa. Mwenyewe anajijua, na timu nzima inamjua. Nimesikia kwamba yu hai na kwamba amealikwa katika mkutano wetu wa mwaka huu. Nawaomba waandaaji wanipangie meza moja na yeye, na mwalimu wetu akijaliwa kufika, akae katikati yetu.